Jumapili kwa Wakimbangu

Mama mwenye nyumba wangu ni Mkimbangu wa kuzaliwa, yaani muumini wa kanisa la Kikongo lililotokana na mhubiri Simon Kimbangu, na tangu nihamie Lubumbashi kufuatilia mizigo ya shaba amekuwa akinialika kanisani kwake. Mimi ni Mlutheri wa Iringa, nilikuwa nakwepa kwa adabu. Jumapili iliyopita visingizio vilikwisha.

Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa ukutani, vya ngozi vilivyopigwa kiwi vikibanana na kandambili. "Papa, viatu bibakie hapa inje," kijana wa zamu akaniambia. Ndani karibu wote walivaa kijani na nyeupe, akina mama wamefunga vitambaa kichwani. Nilitegemea kelele, maana makanisa ya mtaani kwetu hukesha Ijumaa na spika zao na hayamwachi mtu alale. Kumbe hawa hawachezi hata ngoma. Pombe, sigara na nyama ya nguruwe ni mwiko. Kwaya iliimba kwa Kikongo, filimbi zikaipokea, na sala ikasaliwa kwa magoti, ndefu, juu ya saruji. Wanasema nyimbo zao hazitungwi, mtu huzipokea tu, kwa ndoto au maono.

Mahubiri yalikuwa ya kawaida. Lakini sadaka!

Wanaiita nsinsani. Bendi ya matarumbeta ikaanza, watu wakasimama kwa makundi na kupiga hatua kuelekea mbele, mkono mmoja umeshika noti, wazee wakitembea kwa mwendo wa gwaride huku wakitabasamu. Beseni likajaa faranga. Msemaji akatangaza hesabu: akina mama wanaongoza. Bendi ikapiga tena, wanaume wakarudi. Mzee mmoja wa benchi la mbele yangu alimnong'oneza jirani yake, akakopeshwa noti, akainuka mbio ili upande wake usiaibike. Nilitaka kukunja uso, sadaka gani hii ya mashindano, kisha nikakumbuka mnada wetu baada ya ibada, tunavyopandishiana bei ya jogoo mmoja mpaka anazidi bei ya mbuzi. Nikatoa tena, na wanaume tukashindwa vilevile.

Kilichonikaa zaidi alinieleza mama tukiwa njiani kurudi. Kwangu huu ni mji wa migodi na foleni za malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwao ni mji wa gereza. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya kijijini kwake Nkamba, huko Kongo ya Chini, mwaka 1921. Kufikia Septemba Wabelgiji walikuwa wamemkamata, na Oktoba akahukumiwa kifo. Mfalme Albert wa Kwanza akaibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha, Kimbangu akaletwa huku, Élisabethville ya wakati ule, mbali na watu wake. Alihubiri miezi michache tu, akafungwa miaka 30, akafia hapa tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lenyewe serikali ya kikoloni ililitambua Desemba 1959, nusu mwaka kabla ya uhuru. Miaka yote ile niliyodhani ni ya mashine za shaba tu, kuna mtu alikuwa ndani ya kuta akingoja, na nje watu wakisali kwa jina lake kwa siri.

Kuna mahali siwezi kuwafuata. Mama anaamini Kimbangu ndiye Roho Mtakatifu, na alilisema hilo kama anavyosema bei ya unga. Nikamwambia kwetu hatufundishwi hivyo. Akasema anajua, wanawe wawili wameoa Wakatoliki, Krismasi kwao ni vita ya kila mwaka, maana Wakimbangu huisherehekea tarehe 25 Mei. Kisha akaniuliza nguo za kijani ninazo, au amwambie fundi wake anipime kabisa kabla Mei haijafika.