Kuosha na kupaka stein baraza la mbao: nilivyofanya Arusha

Presha ya mashine ya maji haisafishi mbao. Kinachosafisha ni dawa, brashi na dakika ishirini za subira. Mashine kazi yake ni kusuuza. Naanza na hilo kwa sababu mabaraza mengi ya mbao ninayoitwa kuyakagua, kuanzia Njiro hadi Usa River, yana michirizi ya bunduki ya maji iliyochimba mbao kama patasi. Michirizi hiyo haifutiki kwa rangi. Ukipaka stein (rangi ya mbao inayoingia ndani badala ya kukaa juu) ndiyo kwanza inajitokeza, kwa kuwa sehemu iliyochimbwa hunywa rangi zaidi na kuwa nyeusi kuliko jirani yake.

Kazi ninayoieleza ilikuwa eneo la Sakina, Arusha: baraza la mita 6 kwa 4, yaani mita 24 za mraba, mbao za mtiki juu ya mihimili ya paini. Kijivu cha jua kote, ukungu wa kijani upande wa migomba, mabaka ya vanishi ya zamani karibu na mlango, na vidoa vyeusi kuzunguka misumari.

Nilisubiri Septemba. Juni hadi Agosti Arusha ina mawingu na manyunyu ya asubuhi, na mbao za nje hubaki na unyevu hadi saa nne au saa tano. Machi hadi Mei ni masika, usijaribu. Januari na Februari ni kukavu, ila mbao huchemka mchana na vumbi huruka. Ukilazimika muda huo, fanya kazi ya kupaka kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na uache saa tatu. Kwa Moshi mjini, ambako ni chini na joto zaidi kuliko Arusha, mimi hufuata ratiba hiyo ya asubuhi karibu mwaka mzima. Kipimo changu ni kiganja: kama siwezi kukiacha juu ya mbao kwa sekunde tano bila kuungua, stein haipakwi.

Kuhusu mashine, watu hukimbilia zile ndogo za umeme kwa sababu zinaonekana za kisasa. Nyingi hutoa bari (kipimo cha presha) 100 na zaidi, na pampu yake haina pa kupunguzia. Kwa mbao napendelea ile ya vijana wanaoosha magari: injini ya petroli, mkanda, na pampu ya pistoni tatu yenye geji na kitufe cha kuzungusha. Hiyo unaishusha hadi bari 30 au 40, na ndicho mbao laini inachohitaji. Mtiki, mninga na mkongo zinavumilia hadi bari 80, lakini hata kwa mtiki sipandi zaidi ya 50. Mtiki una mistari migumu na mistari laini. Presha kubwa hula ile laini na kuacha sakafu yenye matuta kama bati. Kama unayo ya umeme tu, tumia nozo (ncha ya bunduki) pana ya digrii 40 (ile nyeupe) na uiweke mbali zaidi. Nozo ya digrii 25, ya kijani, naitumia kwa mtiki kwa presha ya chini. Nyekundu ya digrii sifuri isikaribie mbao kamwe.

Maji nayo yahesabiwe kabla. Pampu yangu inatoa lita 15 kwa dakika. Kusuuza mita 24 za mraba mara moja kulichukua kama dakika 35 za kubonyeza bunduki, na nilisuuza sakafu nzima mara mbili, kwa hiyo zilikwenda zaidi kidogo ya lita 1,000. Nilijaza tanki na pipa la akiba siku moja kabla, nikaacha tope litulie chini, na chujio la mpira wa kuvuta maji nikaliweka juu ya tope lakini ndani kabisa ya maji. Likivuta hewa, bunduki inaanza kukohoa na sili za pampu (mipira ya kuzuia kuvuja) zinakwisha haraka. Usiache injini ikinguruma huku bunduki imefungwa zaidi ya dakika mbili: maji yanazunguka ndani ya pampu, yanapata moto, na sili hizo hizo zinaungua.

Kabla ya maji yoyote, nilipita na kisu chembamba kutoa majani na udongo kwenye nafasi kati ya mbao na mbao. Nafasi ya milimita 3 hadi 5 isipopitisha maji, upande wa chini haukauki na kazi yote ya juu ni bure. Misumari iliyonyanyuka niliizamisha milimita 2. Ile iliyooza niling'oa na kuweka skrubu za chuma kisichoshika kutu. Vidoa vyeusi vinavyoizunguka ni chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili ya mbao, wala si uozo, na vina dawa yake nitakayoieleza.

Vanishi ya zamani lazima itoke yote. Kwa mabaka yale nilitumia kostiki soda, gramu 40 kwa lita moja ya maji, lita mbili zikatosha. Kostiki inatiwa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka usoni. Ndoo iwe ya plastiki. Kostiki hula alumini. Glovu ndefu, gambuti, miwani. Nilipaka, nikaacha dakika 15 bila kuruhusu pakauke, nikasugua na kusuuza. Mbao ilibaki nyeusi-kahawia, jambo la kawaida kwa kostiki, na asidi huirudisha.

Kwa sakafu nzima dawa yangu ni sodiamu pakaboneti, poda ileile inayofanya kazi ndani ya sabuni za kuondoa madoa zisizo na klorini. Gramu 60 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Lita moja inatosha mita 2.5 za mraba, kwa hiyo nilichanganya lita 10 kwa gramu 600. Inachanganywa saa ile ile ya kutumia na haifungwi kwenye chombo chenye kifuniko, maana inatoa oksijeni na chombo kitapasuka. Nililowesha mbao kwanza, nikamwaga dawa kwa kopo la kumwagilia maua robo ya sakafu kwa wakati, nikaacha povu lifanye kazi dakika 20 nikinyunyiza maji kila panapotaka kukauka, kisha nikasugua kwa brashi ngumu ya nailoni kufuata nyuzi za mbao. Brashi ya waya hapana. Vipande vyake hukatikia kwenye mbao, vinashika kutu, na baada ya mvua moja una vidoa vyeusi mia.

Najua wengi humwaga dawa ya klorini ya kufulia kwa sababu iko kila duka. Inaua ukungu kweli, na inapausha haraka. Lakini inavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, ambayo jua limeshaanza kuivunja na ndiyo sababu mbao ikawa ya kijivu. Unapata mbao nyeupe yenye manyoya. Na ikikutana na asidi ya hatua inayofuata inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Mimi siingizi klorini kwenye eneo la kazi.

Tahadhari moja kubwa: kama mbao zako za juu ni paini iliyotibiwa, ile ya kijani yenye shaba, kromi na aseniki, acha kostiki na pakaboneti. Dawa hizi huzidisha kuvuja kwa metali hizo kwenda kwenye udongo. Sabuni ya kawaida, brashi na maji vinatosha, na vipande vyake visichomwe jikoni wala kwenye moto wa nyama.

Kusuuza ndiko kunakoonyesha mkono wa fundi. Bonyeza bunduki ikiwa imeelekea nje ya mbao, ishushe taratibu hadi sentimita 30, tembea nayo kufuata ubao kutoka mwisho hadi mwisho, na uinyanyue kabla ya kuachia. Kusimama katikati ya ubao kunaacha alama. Kupungia mkono kama feni, kulia na kushoto, kunaacha nusu duara zitakazoonekana mwaka mzima. Ukiona nyuzi zinasimama kama manyoya ya paka, uko karibu mno. Rudi nyuma kabla ya kufikiria kupunguza presha.

Mbao ikiwa bado imelowa, nilipaka asidi ya oksaliki, gramu 40 kwa lita, lita 10. Hii inafanya kazi tatu kwa pamoja: inaua ualkali (ukali wa kostiki na pakaboneti) uliobaki, inarudisha rangi ya dhahabu ya mtiki, na inafuta vile vidoa vyeusi vya misumari. Dakika 15, brashi nyepesi, suuza sana. Ni sumu ikimezwa na vumbi lake linachoma koo, kwa hiyo barakoa wakati wa kupima poda, na watoto na mbwa wawe mbali. Ukiikosa, ndimu ya unga inasaidia kurudisha rangi ila kwa madoa ya chuma ni dhaifu.

Migomba na maua yalimwagiwa maji safi kabla, katikati na baada ya kazi. Jani lililokwisha kunywa maji safi halidhuriki kirahisi. Kwa nyumba za Marangu, Machame au Kibosho ambako mfongo (mfereji wa maji wa jadi) unapita kwenye kihamba (shamba la nyumbani), ziba au geuza maji yako kwa tuta la udongo kabla ya kuanza. Maji ya mfongo yanakwenda kwa jirani wa chini.

Kukausha kulichukua siku tatu za jua. Ningekuwa Julai ningesubiri wiki au zaidi. Kipimo cha unyevu kikionyesha chini ya asilimia 15 napaka. Asiye nacho adondoshe matone ya maji sehemu tano tofauti, hasa kivulini. Yakinywewa ndani ya dakika moja, mbao iko tayari. Yakikaa juu kama shanga, ama bado ina unyevu ama kuna vanishi iliyobaki.

Kisha msasa namba 80, mara moja, kuondoa manyoya tu. Usiende namba 120 au 180 kwa kutaka sakafu laini kama meza. Vinyweleo vya mbao vinazibwa na stein inabaki juu. Vumbi nilifagia, nikapiga brashi kwenye nafasi, na kwa kuwa mtiki una mafuta yake ya asili nilipangusa kwa kitambaa chenye thina kidogo asubuhi ya kupaka.

Stein niliyochagua ni ya mafuta, inayoingia ndani ya mbao, yenye rangi ya kahawia inayopitisha mwonekano wa nyuzi. Isiyo na rangi kabisa siitumii nje: chembe za rangi ndizo zinazokinga jua, na bila hizo kijivu kinarudi baada ya miezi michache. Vanishi kwenye sakafu ya nje ni kosa, kwa sababu inakaa kama ngozi, unyevu unapanda kutoka chini, jua linaipasua juu, inabanduka. Oili chafu ya gari, ambayo watu hupaka nguzo kuzuia mchwa, kwenye baraza inabaki ya kunata, inashika vumbi, inachafua miguu ya watoto, na baadaye hakuna stein itakayoshika juu yake.

Hesabu: mtiki unanywa kidogo, kama mita 10 za mraba kwa lita mkono wa kwanza na 15 mkono wa pili. Hiyo ni lita 2.4 na 1.6, jumla 4, nikaongeza lita moja kwa ngazi, kingo na vichwa vya mbao. Paini kavu isiyowahi kupakwa inaweza kunywa mara moja na nusu ya hapo. Makopo yote niliyamimina kwenye ndoo moja na kukoroga, kwani kopo na kopo huweza kutofautiana rangi kidogo, na nikaendelea kukoroga kutoka chini kila dakika kumi kwa sababu rangi huzama.

Nilianza na vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata, hadi vikakataa kunywa. Halafu brashi ya inchi 4, mbao mbili kwa wakati, mwisho hadi mwisho bila kusimama katikati, ili ukingo wa rangi usikauke na kuacha mstari. Baada ya dakika 15 nilipangusa kwa kitambaa yote ambayo mbao haikuyanywa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mtu anaona aibu kufuta rangi aliyoilipia, anaiacha iwe nene, na siku tatu baadaye baraza linanata. Likishanata, paka tapentaini kwenye kitambaa, sugua, pangusa, usiongeze kitu. Mkono wa pili ulifuata ndani ya saa moja, wa kwanza ukiwa bado na unyevu, mwembamba zaidi, ukapanguswa vilevile.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya aina hii hupata joto vyenyewe vinapokauka vikiwa vimekunjwa, na vinaweza kuwaka moto. Vyangu vilizamishwa kwenye debe la maji kabla sijanawa mikono.

Miguu baada ya saa 24, viti na meza baada ya siku tatu, na vyungu vya maua viwekwe juu ya vigingi ili hewa ipite chini. Mstari unaodondokewa na maji ya bati huchoka wa kwanza, ukifuatiwa na ngazi. Februari nitarudi na matone ya maji sehemu hizo mbili. Yakinywewa, ni kuosha kwa sabuni, kukausha, na mkono mmoja mwembamba kabla masika haijafika. Stein iliyobaki, kama robo lita, niliimimina kwenye chupa ndogo ikajaa hadi mdomoni, maana hewa ikibaki ndani inaigandisha.