Nilivyoifuatilia stesheni ya Kima

Ukisema Kima hapa Nairobi, mtu anafikiria nyama ya kusaga. Mimi nilikuwa natafuta stesheni, ile ya upande wa Makueni ambako usiku wa tarehe 6 Juni 1900 simba aliingia ndani ya behewa akaondoka na afisa wa polisi, Charles Ryall.

Nilianza vibaya. Nilienda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue nikaomba faili ya "historia ya stesheni ya Kima". Haikuwepo, na ingetoka wapi? Reli iliweka karatasi za kazi: ripoti za mwaka, ratiba, barua za kuomba hiki na kile. Nilipoacha kuuliza jina la mahali nikaanza kuuliza miaka, ndipo meza ikajaa. Siku tatu nilipekua mpaka vidole vikawa vyeusi, mara nyingi kwa ajili ya mstari mmoja tu.

Behewa lenyewe liko Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Ryall na wenzake wawili, Huebner na Parenti, walikuwa wamekuja kumwinda simba huyohuyo. Ryall akashika zamu, usingizi ukamzidi. Simba alipoingia behewa likainama, mlango wa kusukuma ukajifunga, naye akatokea dirishani na mtu wake mdomoni. Nilisimama chini ya dirisha hilo hadi watoto wa shule wakaanza kunitazama mimi badala ya behewa.

Shida ni kwamba simba huyo ameimeza hadithi yote. Wengine hata husema jina Kima lilitokana na alivyofanywa Ryall. Muulize Mkamba: kiima ni mlima, na Kiima Kiu, mlima mweusi, iko hapo jirani.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyestaafu Relwe, niliyempata mtaa wa Muthurwa.

"Kijana, simba alikula watu tu. Dizeli ndiyo ilikula stesheni."

Akanieleza taratibu. Injini ya mvuke ina kiu. Kila baada ya mwendo fulani lazima isimame inywe. Hata yale majitu ya injini za Garratt daraja la 59, yaliyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima yetu, yalihitaji maji. Dizeli ilipita bila kugeuza shingo. Baadaye barabara ya Mombasa ikachukua abiria, na mwaka 2017, reli mpya ya SGR ilipofunguliwa, treni ya abiria ya Mombasa kwenye reli ya zamani ikakoma.

Nikapanda matatu hadi Kima. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya mataruma ya chuma. Nilipangusa kutu ubavuni mwa reli nikitafuta mwaka, nikafurahi kuona herufi, halafu nikakumbuka kwamba mwaka huo ni wa chuma kutoka kiwandani, si wa stesheni. Reli hubadilishwa.

Nilimpelekea mzee picha 40 kwenye simu. Akazipitisha zote kimya, kisha akauliza, "Na kibao cha maili? Hukukipiga?"

Sikuwa nimekitafuta. Jumamosi narudi, safari hii na brashi ya waya.