Banio Limefungwa, Maji Bado Mferejini

"Kwa hiyo umeamua kuwa maksai?"

Baba mdogo aliniuliza hivyo tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mpunga pale Igurusi, Julai 2017, siku mbili kabla sijapanda gari kwenda Mbeya mjini kufunga kizazi. Nyuma yake maksai wake wawili walikuwa wanacheua. Hakuwa anatania. Usangu tunalima kwa maksai, na hakuna mtoto asiyewahi kuona fahali akihasiwa kwa koleo: mishipa inapondwa juu ya korodani, damu haifiki tena, na baada ya muda yule fahali mkali anakuwa mpole wa kuvuta plau. Baba mdogo aliamini hicho ndicho ninachokwenda kufanyiwa. Na mimi nilikuwa nimelala na picha hiyo hiyo kichwani mwezi mzima.

Nilikwenda kwa sababu ya kalenda. Ilikuwa kalenda ya duka la pembejeo, imetundikwa karibu na kitanda, na kila mwezi mke wangu aliitia alama kwa kalamu nyekundu kuhesabu siku zake. Ujauzito wetu wa nne ulimtia kifafa cha mimba. Nilimkuta jikoni amelala sakafuni, mwili unatetemeka, meno yameuma ulimi. Mungu alisaidia, walirudi nyumbani wote wawili, yeye na mtoto, lakini presha haikumwacha. Vidonge vya majira akakatazwa kwa sababu ya presha hiyo. Kitanzi kilimletea damu nyingi mpaka kikatolewa. Kalenda ikabaki. Usiku mwingine nilimsikia amekaa kitandani gizani, anahesabu kwa vidole.

Tulipokwenda kuulizia kufunga kizazi, yule nesi wa uzazi wa mpango alimweleza mke wangu kwamba kwake yeye itabidi tumbo lifunguliwe. Kisha akanigeukia mimi taratibu. "Baba naye ana mirija, ya kupitisha mbegu," akasema, "na ya kwake iko karibu na ngozi."

Daktari alikuwa mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia, akatukalisha wote wawili, kisha akauliza maswali ambayo sikuyategemea. Watoto wenu wakipatwa na jambo? Mama huyu akitangulia, nawe ukaoa tena? "Mirija kuunganishwa upya kunawezekana," alisema, "lakini ni upasuaji mgumu kuliko huu, na hakuna atakayekuahidi mtoto. Ukitia saini, tia kama mtu anayevuka mto na hana mpango wa kurudi." Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Hakutaka kunisukuma. Nadhani heshima hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nikamuuliza la maksai, maana sikutaka kuondoka nalo. Hakunishangaa. Alisema fahali huuliwa korodani zenyewe, damu yake ikikatwa. Mwanaume akifunga kizazi, korodani haziguswi. Homoni ya kiume huingia moja kwa moja kwenye damu, haipiti kwenye ile mirija, kwa hiyo sauti, ndevu, nguvu na hamu hubaki vilevile. Mbegu huendelea kutengenezwa, ila hazina pa kutokea, nazo hufa na mwili huzifyonza. Hata manii hutoka kama kawaida, kwa kuwa sehemu kubwa ya majimaji yale hutoka kwenye tezi dume na vifuko vilivyo jirani yake. Mbegu ni sehemu ndogo tu.

"Unafanya kazi gani?" akauliza.

"Mkulima wa mpunga, daktari."

"Basi hili utalielewa kuliko mimi. Ukifunga banio la maji asubuhi, majaruba ya mwisho yanakauka saa hiyohiyo?"

Hayakauki. Maji yaliyokwisha kuingia mferejini yanaendelea kushuka. Akaniambia mirija nayo iko hivyo: mbegu zilizokwisha kupita zitakuwa bado mle, kwa hiyo miezi mitatu tutumie kondomu, kisha nirudi kupima.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Sindano ya ganzi ilichoma, baada ya hapo nikabaki nasikia kuvutwa tu, mvuto uliopanda hadi chini ya kitovu. Hakutumia kisu, alitoboa tundu dogo kwa koleo lenye ncha kali, mbinu aliyoianzisha Li Shunqiang huko China mwaka 1974. Alinionyesha kwa vidole, juu ya ngozi, mrija ulivyo: mgumu, mwembamba, kama uzi wa kushonea magunia. Akaukata, akaunguza ncha, akafunga, kisha upande wa pili. Hakukuwa na nyuzi za kutoa. Jioni ileile nilirudi nyumbani kwa Coaster, nimevaa chupi ya kubana kama nilivyoelekezwa, na kila tuta kuanzia Uyole hadi Inyala nililisikia. Uvimbe na wekundu vilikaa siku chache. Magunia sikuyagusa wiki nzima.

Shida ilikuja wiki ya tatu. Nilikuwa nimepona, nikataka tuache kondomu. Mke wangu alikataa. "Baba watoto, mferejini bado mna maji," akasema, na akageukia ukutani.

Oktoba nikarudi na kikopo changu. Waliangalia kwa hadubini, wakakuta mbegu chache. Bado zipo. Nilitoka pale miguu mizito, nikifikiria ile wiki ya tatu na sakafu ya jikoni. Daktari alinieleza kwa upole kwamba wapo wanaochelewa. Njia hii ni kati ya zile imara kabisa: wanaume wakipimwa na kuthibitishwa, mwaka wa kwanza hupatikana mimba kama 2 tu kwa wanandoa 1,000. Pasipo kupima, hufika 2 au 3 kwa kila 100. Tofauti hiyo inaniuma mpaka leo nikisikia mtu amefunga na hakurudi kupima, halafu mke akapata mimba na kuitwa malaya. Na daktari akaongeza, bila mimi kuuliza, kwamba kufunga hakumkingi mtu na UKIMWI wala kisonono.

Novemba nikapima tena. Hapakuwa na hata moja.

Nilimwambia mke wangu akiwa anapeta mchele uani. Aliweka ungo chini, akakaa kimya kitambo, kisha akaendelea kupeta.

Januari duka la pembejeo likatoa kalenda mpya. Aliitundika palepale karibu na kitanda. Mwaka mzima ilikuwa na alama nyekundu moja tu, Februari, siku tuliyoanza kupandikiza mpunga.