Presha ya anayeishi peke yake

Kliniki ya presha ina maswali yake ya kila mwezi: dawa unameza, chumvi umepunguza, unatembea? Ambalo halimo kwenye daftari ni hili: wiki hii umeongea na nani, uso kwa uso? Muulize mzee mjane ambaye watoto wake wako mjini au Uarabuni, na usishangae akimtaja muuza maziwa.

Kuna mambo mawili hapa, na si lazima yaandamane. Kutengwa kunahesabika: unaonana na watu wangapi, mara ngapi. Upweke ni hisia, na mtu anaweza kuwa nao katika nyumba iliyojaa wajukuu. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Heart ulikuta kwamba wenye uhusiano hafifu na wenzao wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 29, na ya kiharusi kwa asilimia 32. Tafiti zile zilitoka nchi tajiri, kwa hiyo tusizinukuu kana kwamba zilifanyika Mbagala, Dar es Salaam.

Kwenye mshipa wenyewe mambo huenda hivi. Ateri imetandikwa ndani tabaka moja tu la seli, endothelia, ambalo hutoa nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa upanuke. Asiye na wa kumtegemea mwili wake hukaa chonjo: adrenalini na kortisoli, homoni za hofu na msongo, hupanda na kuchelewa kushuka, mishipa midogo hubana, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, endothelia hutoa gesi ile kidogo, chembe nyeupe za damu huinatia, lehemu mbaya hupenya chini yake, na mshipa huanza kuwa mwembamba. Usiku nao una sehemu yake. Kwa kawaida presha hushuka asilimia 10 hadi 20 mtu akilala. Usingizi wa kushtuka-shtuka, ambao mpweke huupata mara nyingi, huinyima mishipa mapumziko hayo. Chicago walifuatiliwa watu 229 wa miaka 50 hadi 68, na waliokuwa wapweke zaidi mwanzoni namba ya juu ya presha yao ilipanda zaidi katika miaka iliyofuata, hata baada ya kuzingatia umri, dawa na sonona.

Lakini homoni zisitufiche yanayotendeka jikoni na kwenye droo ya dawa. Uingereza, katika utafiti wa watu wapatao 479,000, hatari ya ziada ya kupata shambulio la moyo au kiharusi kwa mara ya kwanza ilielezeka kwa sehemu kubwa kwa sigara, presha, sonona, kipato na mengine ya aina hiyo. Hatari ambayo haikuondoka ni ya kufa kwa waliokwisha kuugua. Ndiyo maana mtu aliyewahi kupata kiharusi na anaishi peke yake namweka mbele ya wote.

Anapikia nani? Chai na mkate mchana, chai na mkate usiku. Dawa zikiisha hakuna wa kumtuma, na kama ni atenolol au propranolol, dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, kukatika ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo, kwa mwenye mishipa iliyoziba. Dawa za aina hiyo zifuatwe zikibaki za wiki moja, si siku ya mwisho.

Kupima presha kuna kosa lake la pekee kwa watu hawa: wanaongea. Pengine nesi ndiye mtu wa kwanza kuwasikiliza siku hiyo. Kuongea mashine ikiwa kazini huweza kupandisha namba ya juu kwa 10 hivi, na daktari akaongeza dozi bure. Mwache amalize maneno yake kwanza, usimkatize. Kisha akojoe, akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkanda kwenye mkono mtupu usawa wa moyo. Pima mara 2, dakika 1 katikati. Nyumbani, fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85, arudi kliniki.

Kwa watoto walio mbali: pigeni simu, msitume ujumbe. Ulimi mzito ni dalili ya kiharusi, na kwenye ujumbe wa maandishi hausikiki. Kwa kiharusi cha mshipa kuziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha ya ubongo, na saa huhesabiwa tangu mgonjwa alipojulikana kuwa mzima mara ya mwisho. Mama aliyeongea na jirani saa nne usiku, akakutwa sakafuni saa moja asubuhi, amehesabiwa saa 9. Hivyo simu mbili kwa siku, alfajiri na kabla ya kulala, zina kazi ya kitabibu. Sauti ikiwa ya ajabu, mwambie ainue mikono yote miwili na arudie sentensi fupi. Akishindwa, jirani aitwe akamwone na usafiri utafutwe papo hapo. Asimeze chochote, hata aspirini, kwa sababu huenda mshipa umepasuka na si kuziba.

Jirani apewe ufunguo. Halafu kagua mlango: wanaoishi peke yao hupiga komeo kwa ndani kwa kuogopa wezi, na hapo ufunguo wa jirani hauna kazi. Ondoa komeo, weka kitasa imara kinachofunguka kutoka nje.