Kidole cha Ijumaa

Tangu Ijumaa sijatulia, na jambo lenyewe ni dogo kiasi kwamba mwingine angelisahau kabla ya kufika nyumbani. Nilikuwa nimeketi upande wa wanawake katika sinagogi ya Nairobi, tukisubiri sala ya kuipokea Sabato, nikanyoosha kidole kuelekea kwa wanaume na kumnong'oneza mama mmoja mzee wa Nakuru, "Wako tisa. Amepungua mmoja."

Akaushika mkono wangu, akaushusha taratibu. "Watu hawahesabiwi, mwanangu."

Hakukasirika, na upole huo ndio unaoniuma. Ninaandika juu ya jumuiya hii ya Wayahudi iliyoanzishwa mwaka 1904. Ninaweza kueleza jinsi Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alivyopendekeza mwaka 1903 Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, wapewe ardhi ya Uasin Gishu katika Kenya ya leo, na jinsi mkutano wao wa Basel ulivyoikataa miaka miwili baadaye. Tena ni mimi niliyeandika kwamba wanaume kumi wanaohitajika ili sala ya pamoja ifanyike hupimwa kwa maneno kumi ya aya moja ya Zaburi ya 28, kila mtu na neno lake, ili asihesabiwe kama mbuzi zizini. Wiki hii makala yangu imekubaliwa, lakini kila nilipokaa kuandika nilisikia tu: watu hawahesabiwi, mwanangu.

Jana usiku, nikiosha vyombo, nilimkumbuka cucu, nyanya yangu. Hakukubali kamwe kuambiwa kwamba ana wajukuu kumi. Alisema "kenda muiyuru", yaani tisa iliyojaa, kama wazee wanavyosema juu ya mabinti kumi wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, kisha akatutaja mmoja mmoja kwa jina. Katazo hilo nililijua kabla sijajua kusoma, nikaja kulitafuta vitabuni kana kwamba ni la watu wengine.

Asubuhi nikampigia simu yule mama, nikamsimulia. Alinitaka nirudie "kenda muiyuru" hadi akaweza kulitamka, akasema, "Nyanya yako na nyanya yangu wangeelewana." Kisha akanikumbusha kwamba mtu wa kumi alifika Ijumaa ile, koti likichuruzika mvua, na neno la mwisho la aya, "milele", likapata mwenyewe.

Nilitaka kuyarekodi mazungumzo hayo. Lakini simu yangu, iliyobeba mahojiano yote ya mwaka jana, imeanza kujizima yenyewe, na bado sijayahamisha.