Janga Likifunga Msimu: Kabla Hujaandika Barua ya Kuachisha Kazi

Tarehe 16 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na mgonjwa huyo alikuwa hapa Arusha, ameshuka uwanja wa ndege wa KIA siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Ziliporuhusiwa tena tarehe 18 Mei, anga ilifunguka lakini wageni hawakuja nayo. Kwa Arusha na Moshi, ambako mshahara wa dereva, mpishi, mpagazi na mhudumu wa hoteli unategemea mlima na mbuga, msimu mzima ulikatika. Tangu hapo homa ya virusi vya Marburg imebisha hodi mara mbili mkoani Kagera, 2023 na 2025. Kwa hiyo haya ni mambo ya kuyaweka sawa sasa, wakati kazi ipo na vichwa vimetulia.

Jambo la kwanza mwajiri alielewe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina kifungu kinachosema janga likiingia mikataba ya ajira inakufa yenyewe. Biashara ikisimama, mshahara bado ni deni mpaka pande mbili zikubaliane vinginevyo, au ajira ikome kwa njia ya sheria. Na mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA tunayoijua, ugumu wa mwajiri mara nyingi hauko kwenye sababu. Kwamba wageni hawakuwepo, hakuna atakayebisha. Swali litakuwa: uliwaambia lini, uliwapa taarifa gani, mlizungumza nini, na karatasi iko wapi? Jukumu la kuthibitisha kwamba uliachisha kazi kwa haki ni la mwajiri.

Anza na likizo ya mwaka, maana hiyo iko mikononi mwako. Ni siku 28 mfululizo zenye malipo, na sheria inakuruhusu kupanga ianze lini, mradi isivuke miezi 6 baada ya mzunguko wake wa miezi 12 kuisha. Kampuni ya safari inayoona maombi yanafutwa mwezi Machi inaweza kuwatoa watu likizo mapema, na ikawa imepata karibu mwezi wa kufikiri. Mtego wake ni huu: notisi ya kusitisha ajira haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku za notisi hazihesabiwi sambamba na siku za likizo. Ukimtumia dereva barua ya notisi akiwa kwao Rombo amepumzika, notisi hiyo ina kasoro tangu siku ya kwanza.

Likizo bila malipo ndipo wengi wanapoteleza. Ujumbe unaingia kwenye grupu la WhatsApp saa tatu usiku: "Kuanzia kesho wote mko likizo bila malipo hadi hali itakapotulia." Hapo hakuna makubaliano. Ni mwajiri ameacha kulipa mishahara, na "hadi hali itakapotulia" si tarehe. Mabadiliko ya masharti ya ajira yanatakiwa yazungumzwe na mfanyakazi, kisha yaandikwe. Waite watu, eleza hali ya mapato, sikiliza wanachosema, halafu kila mmoja apate karatasi yake ya Kiswahili inayosema: inaanza tarehe ngapi, inaisha au kupitiwa upya tarehe ngapi (kila siku 30 inafaa), bima ya afya inaendelea au la, nyumba ya kampuni anakaa au anatoka, anaruhusiwa kutafuta kibarua kwingine au la, na kwamba miaka yake ya utumishi haikatiki. Wote wawili mtie saini, nakala moja abaki nayo. Akikataa kusaini, usimlazimishe. Kukataa kwake si kosa la nidhamu.

Kupunguza mshahara kunafuata njia hiyo hiyo, na kuna mstari mmoja unaosahaulika sana: andikeni kwamba ajira ikikoma katika kipindi hicho, malipo yatakokotolewa kwa mshahara kamili wa awali. Bila mstari huo, mtu aliyekubali nusu mshahara ili kampuni ipumue atajikuta anapigiwa hesabu ya kiinua mgongo kwa nusu hiyo, na ugomvi utaanza. Tena makubaliano yoyote hayawezi kushuka chini ya kima cha chini cha sekta yenu.

Yote hayo yakishindikana, ndipo mnafika kwenye kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 38. (Namba za vifungu hapa ni za sheria ilivyopitishwa 2004. Sheria za kazi zimerekebishwa 2025, kwa hiyo shika toleo jipya kabla ya kunukuu kwenye barua.) Kifungu hicho kinataka taarifa itolewe mara tu wazo la kupunguza linapoibuka. Ukisubiri bodi iamue, majina yaandikwe, mahesabu yafungwe, halafu ndiyo uite kikao, umeita watu kusikiliza hukumu. Taarifa ya kwanza haitakiwi kuwa na majina. Iseme tu kwamba mapato yameshuka, kampuni inafikiria kupunguza watu, na mazungumzo yataanza tarehe fulani.

Pamoja nayo, toa taarifa zinazohusika. Orodha ya safari zilizofutwa, mapato ya miezi hii yakilinganishwa na ya mwaka uliopita, idadi ya nafasi kwa kila idara. Mjadala wenyewe lazima uguse mambo matano: sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, kigezo cha kuchagua nani aondoke, muda, na malipo ya kiinua mgongo. Kama wafanyakazi wana chama kinachotambulika kazini, kwa mfano CHODAWU kwenye hoteli, zungumza nacho. Wasiowakilishwa na chama nao waitwe wenyewe. Andikeni muhtasari wa kila kikao, pamoja na mapendekezo mliyoyakataa na kwa nini. Kurasa hizo mbili tatu ndizo zitakazokutetea baadaye.

Kigezo kikubalike na kipimike: muda wa utumishi, ujuzi, leseni, lugha anazozimudu. "Anayeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza" kinakubalika, ila kwa kampuni ya utalii kinaweza kukuondolea mwongozaji pekee anayezungumza Kijerumani. Basi jadilini hilo mezani na liandikwe. Msipokubaliana, suala linapelekwa CMA kwa usuluhishi, na katika siku 30 za usuluhishi huo upunguzaji hautekelezwi.

Sasa hesabu. Chukua mhudumu wa hoteli Moshi, mshahara wa msingi 520,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki, ana miaka 6 na miezi 8 kazini. Mshahara wa siku: 520,000 gawa kwa 26, sawa na 20,000. Hiyo 26 imetokana na wiki 4.333 za mwezi mara siku 6. Anayefanya siku 5 hugawi kwa 26. Kiinua mgongo ni angalau siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisizidi miaka 10: 7 mara 6 mara 20,000, yaani 840,000. Miezi 8 ya juu haihesabiwi. Kisha ongeza notisi ya siku 28 au malipo yake, mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hajachukua, na kama uliyemwajiri ulimtoa Singida, gharama za kumrudisha huko. Mkabidhi na cheti cha utumishi. Mkikubaliana malipo ya juu zaidi, ni vizuri. Kiwango cha sheria ni sakafu.

Usimwombe mtu aandike barua ya kujiuzulu ili mambo yaishe kimya kimya. Kwanza, kujiuzulu kwa kushinikizwa sheria inaweza kukuhesabu kuwa ni kuachishwa. Pili, unamnyang'anya haki yake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na akapoteza ajira bila kupenda anaweza kulipwa fao la kutokuwa na ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, na aliyejiuzulu mwenyewe halipati. Barua yake iseme wazi kwamba amepunguzwa kazi. Sentensi hiyo moja ni chakula cha watoto kwa nusu mwaka, na haikugharimu chochote.

Mfanyakazi naye ahesabu siku. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanafunguliwa CMA ndani ya siku 30 kwa fomu F.1. Madai mengine, kama mishahara iliyolimbikizwa, ndani ya siku 60. Ofisi zipo Arusha na Moshi. Kwa kuachisha isivyo haki, sheria ilivyotungwa 2004 iliweka fidia isiyopungua ujira wa miezi 12, na mwajiri anayeona vikao viwili vinampotezea muda ailinganishe na gharama hiyo.

Kuhusu ugonjwa wenyewe: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Mzima uliyemwambia abaki nyumbani kwa tahadhari hayumo humo. Wewe ndiye uliyemzuia, mlipe. Na majibu ya vipimo hayabandikwi ubaoni wala kutumwa kwenye grupu, kwani taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Limebaki la malipo ya awali ya wageni. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba kinabatilisha mkataba ambao utekelezaji wake umekuwa hauwezekani, na cha 65 kinamtaka aliyefaidika arudishe alichopokea. Safari kuwa ghali au mgeni kuogopa kusafiri hakufanyi mkataba usiwezekane. Kwa hiyo andika kwenye mkataba wako wa msimu ujao: mipaka au ndege zikifungwa, safari inaahirishwa hadi miezi mingapi, kiasi gani kinarudishwa, ada za hifadhi ulizokwisha kulipa zinabebwa na nani, na sheria ya nchi gani itatumika.