Siku moja maishani mwangu: kichupa cha nusu miligramu

Saa kumi na moja unusu alfajiri nishavuka feri ya Likoni. Mahamri mawili na mbaazi, kisha matatu hadi kazini. Mimi ni mfamasia wa dawa za saratani, na leo ni zamu ya watoto.

Saa mbili. Glavu pea mbili, niko mbele ya kabati la hewa iliyochujwa. Kuna mtoto wa miaka minne mwenye uvimbe wa Wilms, saratani ya figo, na mojawapo ya dawa zake ni daktinomaisini. Kichupa kina nusu miligramu tu. Natia mililita 1.1 za maji ya sindano yasiyo na kihifadhi, kwani kihifadhi huifanya dawa itengane na maji. Unga unayeyuka, maji yanageuka rangi ya dhahabu. Hapa huwa nasita kidogo. Watafiti Waksman na Woodruff waliipata dawa ya kwanza ya jamii hii mwaka 1940 kule Marekani, kwa bakteria wa udongoni, na hadi leo jamii hiyo inatibu watoto.

Saa nne. Muuguzi anahakikisha dripu inapita sawasawa, maana dawa hii ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Imeingia salama.

Saa tano mamake ananijia. Ni fundi cherehani. "Daktari, mlisema dawa ni kali. Mbona mwanangu anacheza?"

"Mamangu, vipimo vya wateja wako unaviweka wapi?"

"Kwenye daftari."

"Na mafundi wako hushona wakitazama daftari?"

"La, nawanakilia vikaratasi."

Basi hapo hapo nikaanzia. Daftari ni DNA, kikaratasi ni RNA, mafundi ni ribosomu, nguo ni protini. Daktinomaisini hujipenyeza kati ya vidato vya ngazi ya DNA, na kimeng'enya kinachonakili kikifika hapo hukwama. Vikaratasi vipya havitoki. Lakini mafundi hawajaguswa. Wanashona kwa walivyonavyo mpaka vichakae. Vingine havimalizi saa, kama kile cha MYC, protini inayoihimiza seli igawanyike. Vingine hudumu sana: chembe changa za damu nyekundu zishatupa kiini, daftari hazina, na bado hutengeneza himoglobini kwa siku moja au mbili. Na nguo zilizokwisha shonwa zinaendelea kuvaliwa.

Akaguna. "Kwa hivyo duka litaonekana liko wazi."

Ndiyo hasa. Seli zinazogawanyika kwa kasi, za uvimbe lakini pia za uboho, mdomo na mizizi ya nywele, haziwezi kukaa bila vikaratasi vipya. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zitapungua siku kadhaa baadaye, mtoto akiwa nyumbani, pengine akicheza vilevile. Homa ikifika nyuzi 38, hata usiku wa manane, mama asingoje kupambazuke. Kumwambia mzazi "dawa ni kali" halafu ukaondoka naona ni kumwacha njiani.

Saa nane, hesabu ya akiba na fomu.

Saa kumi napita wodini. Mtoto ametapika mara moja, sasa amelala. Mamake anafungua ncha ya leso yake kunionyesha: ndani kuna kikaratasi, ameandika kwa kalamu nzito "38", na chini yake nambari ya simu ya wodi. Akakikunja, akakifunga fundo upya.